Acheni Kumwambia "Tafuta Hela"

Mwanaume akisema ana mawazo, jibu analopewa hapa Murongo, mpakani na Uganda, ndilo analopewa Kariakoo: tafuta hela. Vijana wa bodaboda wanalisema kijiweni, wake wanalisema nyumbani, hata mchungaji analisema. Imani yenyewe ni kwamba mwanaume hasononeki, amepungukiwa fedha tu, na siku mfuko ukijaa atapona. Naipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu inatuzikia watu.

Sikatai kwamba ukata unauma. Mkulima wa wilaya yetu ya Kyerwa aliyeuza kahawa yake butura, ikiwa bado maua mtini, ili apate ada ya shule, ana sababu halali ya kukosa usingizi. Msimu ukifika anachuma, anaanika, na kahawa ya maganda anaibeba mwingine. Lakini mtazameni vizuri. Deni hilo analijua yeye na aliyemkopesha tu. Mkewe hajui, ndugu zake hawajui, na kila apitapo shambani anajikaza aonekane mwenye mali. Deni ni zito, ndiyo, ila kulificha usiku na mchana ndiko kunakommaliza. Na siku atakayothubutu kulisema, ataambiwa nini? Tafuta hela. Hela ndiyo aliyokuwa akiitafuta alipouza maua!

Mwenye nazo naye amefungwa mdomo. Mwaka 2024 bei ya kahawa ya robusta ilivunja rekodi katika soko la dunia, na Kagera yetu ni mkoa wa robusta. Baba aliyefiwa na mtoto msimu ule, hata kama aliuza vizuri, angemlilia nani? Angeulizwa anakosa nini. Hivyo asiye na hela anaambiwa dawa yake haipo, na mwenye hela anaambiwa haumwi.

Halafu kuna mto. Mwaka 1994 Mto Kagera ulibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, zikapita hapa mpakani, kati ya Murongo na Kikagati, hadi Ziwa Victoria. Vijana waliokuwa wakiteka maji ukingoni mwaka ule leo wana wajukuu. Nani aliwahi kuwaketisha akawauliza waliona nini? Kilo ngapi za kahawa zinafuta yale?

Anayesema kuketi na kuzungumza ni mambo ya Wazungu, aufuate mto huohuo hadi unapoingia ziwani, upande wa Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka, kwa wakulima wa ndizi na kahawa kama sisi, watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi, wanaume vyao na wanawake vyao. Walikutana kila wiki kwa dakika 90, wiki 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa hukohuko waliofunzwa wiki mbili. Tiba ilikuwa mazungumzo. Mwishoni, waliobaki na sonona kali walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi walikuwa asilimia 54.7.

Sisi tumeweka nini mahali pa vikundi hivyo? Rubisi, pombe yetu ya ndizi, na sheria. Duniani wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na hapa Tanzania anayejaribu akanusurika anakutana na kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomhesabu mkosaji. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Chetu kifutwe pia.

Na Halmashauri ya Kyerwa isisubiri Dodoma wala hospitali kubwa. Wahudumu wa afya wa vijijini wafunzwe kama viongozi wa vikundi vya Rakai, waanzie kwenye vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), ambako wanaume hukusanyika tayari kwa ajili ya kahawa yao. Waanze mibuni inapochanua, kabla mnunuzi wa butura hajapiga hodi.