Msimtwike Marehemu Mzigo Usio Wake

Ndugu zangu, Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka, wakafa wote 157, Wakenya wakiwa 32. Haikupita miezi mitatu, mbunge mmoja wa Marekani akadai marubani waliofunzwa Marekani wangeiokoa. Yaani kosa la rubani wetu ni kufunzwa Afrika! Na ule mtambo wa Boeing uliosukuma pua ya ndege chini kwa kuamini kipima kimoja tu kilichokosea, je? Mtambo huohuo Oktoba 2018 ulikwisha kuua watu 189 Indonesia, na ndege zikaachwa ziruke. Mwaka 2021 Boeing ilikubali kulipa dola zaidi ya bilioni 2.5, jela hakuingia mkubwa hata mmoja. Rubani yu kaburini, hana ulimi. Tukinyamaza sisi, nani atamsemea?