Mke wa Aliyepotea Angoja Sinema Yake

Iko picha moja ya Kimarekani ambayo ningependa kila mtu wa mwambao huu, tangu Vanga hadi Kiunga, apate kuitazama, ingawa ni ndefu mno na machozi yake yamezidi haja. Jina lake ni Since You Went Away. Ilitoka mwaka 1944, Vita Vikuu vya Pili vikiwa bado vinapiganwa, nayo inachukua muda wa saa tatu kasoro kidogo. Mtengenezaji na mwandishi wake ni David O. Selznick, yule yule wa Gone with the Wind, na mwongozaji ni John Cromwell. Ni picha ya vita, lakini uwanja wa vita huuoni. Unachoona ni nyumba, mama, binti zake wawili, mbwa, na kiti cha baba ambacho hakina wa kukikalia.

Baba mwenyewe, Tim Hilton, tunamwona katika fremu tu. Amekwenda jeshini kabla mchezo haujaanza. Mkewe Anne, aliyechezwa na Claudette Colbert, amebaki na hesabu zisizokwenda, maana mshahara wa askari hautoshi. Anampangisha chumba kanali mmoja mstaafu, mzee mwenye kisirani. Binti mkubwa, Jane, anakwenda kuwasaidia wauguzi hospitalini, na kijana anayempenda, mjukuu wa yule kanali, anauawa Salerno, Italia. Inafika pia telegramu: Tim hajulikani aliko. Hapana asemaye amekufa, na hapana asemaye yu hai.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo picha hii ilipoacha kuwa ya Wamarekani machoni mwangu.

Mtu wa namna ya Tim ana jina katika fikihi yetu. Huitwa mafkudi, yaani aliyepotea asijulikane habari zake. Sisi wa pwani ni Mashafi, na ndugu zetu Wasomali wa Garissa na Wajir ni Mashafi vile vile. Imam Shafi alikuwa na kauli mbili juu ya mke wa mafkudi. Kauli yake ya zamani ni kwamba mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru kuolewa. Kauli yake mpya ni kwamba asiolewe mpaka iwe yakini kwamba mumewe amekufa au amemwacha. Kuzipima kauli hizo ni kazi ya wanavyuoni, wala si ya ukurasa huu wa utamaduni. Ninalotaka lionekane ni kwamba sheria ilikaa ikamfikiria mwanamke huyu yapata miaka 1,200 iliyopita, ikauliza ale nini, angoje mpaka lini, na nani aseme sasa basi. Sinema ya Kenya haijakaa hata jioni moja kumfikiria.

Na wanawake hao wapo. Twende Eldas.

Eldas iko katika Kaunti ya Wajir, kaskazini-magharibi ya mji wa Wajir, nchi ya ngamia na visima, na wengi wa wakazi wake ni wa ukoo wa Degodia. Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya serikali vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo huo na kuwapeleka katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, magharibi ya mji wa Wajir. Sababu iliyotolewa ni kuwanyang'anya silaha. Waliwekwa juani siku kadhaa, bila chakula wala maji. Wako waliopigwa risasi, wako waliokufa kwa kiu na mateso, na nyumba zilitiwa moto. Maiti wengi walipakiwa malorini wakatupwa porini.

Waliokufa ni wangapi? Serikali kwanza ilisema 57. Mwaka 2000 ikakiri kwamba walikuwa 380. Wenyewe wasema ni maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza mashahidi na kutoa ripoti yake Mei 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge kwa dhuluma zilizopita. Hayo yote ni mema. Lakini hebu tumtazame mke ambaye mumewe hakuwamo katika wale 57, wala hapana aliyemwonyesha maiti, wala kaburi halina. Eda yake aianze siku gani? Tarehe 10, au siku jirani aliporudi akasema hakumwona tena, au mwaka ule alipochoka kuuliza? Ndiyo telegramu ya Anne Hilton hiyo, ila huku haikuletwa.

Sasa nitasema ninapoachana na Selznick. Picha yake inaanza kwa kutuambia kwamba nyumba ya Kimarekani ni ngome isiyoshindika. Maneno hayo yalifaa kwa mji ambao haukupata kuangukiwa na bomu. Katika Mrs. Miniver, picha ya William Wyler ya mwaka 1942, bomu linaingia mpaka sebuleni, na kwa hiyo ile naiona iko karibu zaidi na Wajir. Lakini mle Bwana Miniver huenda na mashua yake Dunkirk akarudi nyumbani akalala. Kaskazini mwa Kenya mambo hayakugawanyika hivyo, vita mbali na nyumba karibu. Katika vita hivyo hivyo vya akina Hilton, ndege za Kiitalia zilishambulia Wajir Juni 1940, na mwezi uliofuata Moyale ikatekwa. Vikaja vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, na katikati yake, tangu 1966, watu walikusanywa kwa nguvu katika manyata zilizolindwa na askari. Mfugaji aliyefungiwa kijijini hana malisho, na mifugo yake ilikufa au ilichukuliwa.

Nyumba ya Msomali wa kuhamahama, aqal, hujengwa na mwanamke. Fito ni zake, mikeka ameisuka yeye, na siku ya kuhama huifungua yeye akaipakia juu ya ngamia. Nyumba ya namna hiyo haikukusudiwa kuwa ngome hata siku moja. Nguvu yake ni kwamba yaweza kuondoka. Ukimwambia mwenyewe asiondoke, na kesho yake ukaitia moto, umemharibia nyumba mara mbili. Picha ya Eldas itakayomwiga Selznick, ikaweka ukuta na dirisha na mama anayechungulia barabarani, itakuwa imesema uongo tangu dakika ya kwanza.

Msomaji wa Lamu hana haja ya kuelezwa haya. Katika miaka hiyo hiyo ya shifta Wabajuni wengi walihama vijiji vyao vya upande wa bara kuelekea Kiunga, wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Kuna akina bibi Mombasa ambao mashamba yao yamebaki kule, yamemezwa na msitu. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Eldas ni mbali na hayatuhusu.

Najua Selznick alikuwa na kazi yake. Picha ilitengenezwa ili raia wavumilie na wasilalamike, na kuna mahali yaudhi. Mtumishi mweusi, Fidelia, aliyechezwa na Hattie McDaniel, anapokosa kulipwa hupata kazi kwingine, kisha hurudi kukaa na kuwatumikia akina Hilton bure, naye anacheka. Nani anayengojwa na Fidelia, mwandishi hana haja sana ya kujua. Lakini pamoja na hayo yote, alilifanya jambo ambalo wetu hawajalifanya: alisema kwamba kungoja ni kazi, akaipa saa tatu. Anne hangoji amejikunja. Anakwenda kujifunza kuunga vyuma katika kiwanda cha meli. Rafiki wa mumewe, mwanajeshi wa majini, anampenda na anaonyesha hivyo, na mwanamke inambidi ajue aseme nini.

Nayo Wajir haikukosa watu wa namna hiyo. Mapema katika miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana, wanawake wa Wajir walianzia sokoni, muuzaji na mnunuzi wa koo mbalimbali, wakakataa kugawanyika, na kutoka hapo ikazaliwa kazi ya amani iliyomfikisha mmoja wao, marehemu Dekha Ibrahim Abdi, kupewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Mwandishi wa michezo ataka nini zaidi?

Itasemwa kwamba picha ipo. Ni kweli, Judy Kibinge alitoa Scarred: The Anatomy of a Massacre mwaka 2015, picha ya matukio ya kweli, walionusurika wakisema kwa vinywa vyao. Ni kazi ya heshima, kama kilivyo kitabu cha S. Abdi Sheikh, Blood on the Runway, cha mwaka 2007. Lakini ushahidi humtaka mtu aeleze siku ile. Mchezo wa kuigiza waweza kukaa na siku iliyofuata, na mwaka uliofuata: nani alikamua ngamia, nani alimwoza binti hali walii wake hajulikani aliko, mtoto aliambiwaje alipouliza.

Wengine watasema tunafukua vidonda. Vidonda hivyo havijafunikwa, maana wenyewe ndio waliozunguka kwenye tume wakiomba wasikizwe. Na wengine, wacha Mungu hasa, watasema sinema si mahali pa kuwekea huzuni ya mwanamke wa Kiislamu. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha kwamba hapa pwani kulikuwa na maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, na mama zetu walijaa na mabuibui yao wakamlilia Nargis katika Mother India, picha ya 1957, mama aliyebaki na watoto na deni baada ya mume kuondoka asirudi. Walikuwa wakimlilia mtu wanayemjua.

Basi ningeomba picha hiyo ichezwe kwa Kisomali, Kiswahili kikija pale panapokuja askari na karani, kwani ndivyo kilivyofika kwa wengi kule. Ipigwe Eldas kwenyewe. Kiwanja cha Wagalla kisionyeshwe hata mara moja. Na isimalizike kama ya Selznick, ambaye usiku wa Krismasi anampelekea Anne habari kwa simu kwamba mumewe amepatikana. Mwisho wake nauona katika chumba cha kadhi, feni ikizunguka polepole, faili mezani. Mwanamke amekuja na binti yake mkubwa. Kadhi, mtu mpole, anamwuliza mumewe aliondoka siku gani, naye ajibu upesi, mpaka saa ya sala aitaja. Kadhi anaandika. Halafu, bila kuinua macho, anamwuliza alifariki siku gani, na kalamu yake inangoja juu ya karatasi.