Tunyimeni nafasi, lakini tupeni jibu

Kati ya Februari na Aprili, wasanii wengi vijana nchini hulala na simu chini ya mto. Ni wale waliotuma maombi ya kusomea shahada ya uzamili ya sanaa, iwe hapa Kenya au ng'ambo, na sasa wanangoja kuambiwa kama wamechukuliwa au wamekataliwa. Mimi ni mmoja wao. Naandika nikiwa Dundori, huku juu kwenye baridi, ambako nafundisha sanaa katika shule moja ya kibinafsi mchana na kuchora jioni. Nina jambo moja la kuwaambia wakuu wa vyuo: anayelipa ada ya maombi ana haki ya kujibiwa, na ana haki ya kuijua mapema siku ya jibu hilo.

Asiyewahi kuomba nafasi hizi huenda akadhani kazi ni kujaza fomu tu. Chuo cha sanaa hakimchukui mtu kwa alama pekee. Kinataka picha za kazi zako, aghalabu kati ya kumi na ishirini, na maelezo ya kila moja. Kinataka insha ya kueleza unachotafuta, transkripti kutoka chuo ulichosomea, na barua za walimu wawili au watatu wanaokufahamu vizuri. Kila kimoja kati ya hivyo kina mahangaiko yake. Transkripti hufuatwa kutoka ofisi hadi ofisi. Mhadhiri aliyekufundisha ana wanafunzi wengine chungu nzima wanaotaka barua, kwa hiyo unamwomba kwa heshima, kisha unamkumbusha kwa heshima zaidi huku siku ya mwisho ikikaribia.

Kwangu mimi, picha ndizo zilizonitoa jasho. Mimi huchora juu ya magunia ya viazi. Nachora akina mama wanaochagua viazi kando ya barabara ya kutoka Lanet kwenda Ol Kalou, vijana wanaoshona lumbesa mpaka gunia linaota kichwa cha pili, na lori likingoja kujazwa. Rangi ya kahawia naipata kwa udongo wa shamba letu, niliouchekecha kwa kitambaa na kuukoroga na gundi ya mbao. Nyeusi ni makaa ya mkaratusi. Sasa kazi kama hiyo utaipiga picha vipi ili mtu aliyeketi London au New Haven aone nyuzi za gunia chini ya udongo? Jua la saa sita hulifanya gunia lote lionekane rangi moja. Ukungu wa asubuhi nao hutia ubuluu usiokuwepo. Niliziegemeza kazi zangu kwenye ukuta wa mabati wa stoo, upande usiopigwa na jua, nikasubiri wingu jepesi. Ndugu yangu akashika shuka jeupe kando ili mwanga urudi kwenye sehemu zenye kivuli. Tukapiga, tukatazama, tukafuta, tukapiga tena mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamwa.

Halafu kuna pesa. Ada ya maombi katika vyuo vingi vya Marekani hukaribia dola 100, yaani takriban Sh13,000. Hiyo ni ya chuo kimoja, na hairudishwi hata ukikataliwa. Kulipa kwenyewe siku hizi ni rahisi: unafungua kadi ya mtandaoni ya M-Pesa na baada ya dakika chache umemaliza. Kuzipata pesa zenyewe ndiko kugumu. Nyumbani kwetu pesa za namna hiyo hutoka kwenye viazi, na bei ya viazi haina adabu. Broka akija wakati kila mtu amevuna, unauza kwa anachotaka yeye. Mama alikubali magunia yauzwe kabla bei haijapanda. "Mami," aliniambia, maana mimi nimepewa jina la mama yake, "kama ni ya shule, yauzwe." Hakuuliza zaidi ya hapo.

Ndiyo maana nataka wakuu wa vyuo walisikie hili vizuri. Risiti ya malipo yangu ilifika kwenye baruapepe kabla sijaweka simu chini. Ilikuwa na jina langu, nambari ya ombi, saa na tarehe. Mtambo uliotuma risiti hiyo unaweza pia kutuma neno moja: hukuchaguliwa. Hoja kwamba maombi ni mengi na watumishi ni wachache haisimami, kwa sababu kila ombi katika wingi huo lilikuja na ada yake.

Chuo kimoja nilichowahi kuomba awali, ambacho sina haja ya kukitaja, kilitangaza mwezi ambao majibu yangetoka. Mwezi ukaisha. Ukurasa wangu ukaendelea kusema kwamba ombi linashughulikiwa. Niliandika, kimya. Nilipopiga simu, aliyepokea alisema kwa upole, "Endelea tu kusubiri, dada." Masomo ya mwaka huo yakaanza, wanafunzi wapya wakapiga picha langoni na kuziweka mitandaoni, na ombi langu likawa bado linashughulikiwa. Mpaka leo sijui kama kazi zangu zilitazamwa zikaonekana dhaifu, au hazikufunguliwa kabisa. Kwa msanii, kati ya hayo mawili kuna tofauti kubwa. La kwanza lingenifunza kitu.

Wazee husema subira huvuta heri. Ni kweli kwa mtu anayejua anasubiri nini na mpaka lini. Asiyejua, ngoja ngoja humuumiza matumbo. Hapa Dundori mvua ya masika huanza mwezi wa tatu kuelekea wa nne, na hapo ndipo kila nyumba huamua shamba lipi lilimwe, mbegu kiasi gani zinunuliwe na nani atapalilia. Viazi vya Shangi hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Kuna vyuo ambavyo ukivitumia ombi siku ya kupanda, utapalilia, utavuna na kuuza kabla havijakwambia lolote. Baba huniuliza kama nitakuwepo wakati wa kuvuna, nami sina la kumjibu. Mwalimu mkuu anataka kujua kama aniweke kwenye ratiba ya muhula ujao. Nikienda dukani kununua sukari naulizwa, "Mwalimu, kumbe bado uko?" Anayeuliza ananitakia mema, lakini swali hilo linachosha. Watu wameshakuaga, na wewe mwenyewe hujui kama unasafiri.

Tena jibu likichelewa mno, hata la kukubaliwa linaweza kukosa faida. Anayekwenda kusoma Uingereza bila mfadhili anayetambuliwa hutakiwa kuonyesha pesa za karo na za kujikimu zilizokaa benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza. Familia ya mkulima haina pesa kama hizo zimelala mahali. Huitishwa kikao, huundwa kamati, harambee ikapangwa, mjomba akaombwa, mkopo ukachukuliwa kwenye Sacco. Mambo hayo huchukua miezi. Chuo kinachomjibu mtoto wa mkulima wiki chache kabla ya masomo kuanza kimempa nafasi kwa mkono mmoja na kuichukua kwa mwingine, huku mtoto wa tajiri, mwenye barua kama hiyo hiyo, akipanda ndege.

Kuweka tarehe na kuzitimiza kunawezekana. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi wa uzamili aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kuamua kabla ya Aprili 15. Makubaliano hayo humlinda aliyechaguliwa, ila aliyekataliwa bado hana wa kumlinda. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hufungua maombi mwezi wa nane, na majibu ya mwisho hutolewa katikati ya mwaka unaofuata. Ni muda mrefu, lakini mwombaji anaujua tangu mwanzo na anaweza kupanga maisha yake. Hapa kwetu KUCCPS huwapangia nafasi maelfu kwa maelfu ya watahiniwa wa KCSE. Kila mmoja anaweza kuangalia amewekwa wapi, na asiyeridhika hufunguliwa dirisha la kuomba kuhama. Likiwezekana kwa watoto wote hao, vipi lishindikane kwa waombaji wa uzamili wa idara moja ya sanaa?

Na vyuo vikuu vya umma hapa Kenya vinapojibu havitufanyii hisani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma upesi, kwa haki na kwa utaratibu unaofaa, na Bunge lilipitisha sheria ya kutekeleza kifungu hicho mwaka 2015. Sioni vipi kunyamazia ombi lililolipiwa kunaweza kuitwa upesi wala haki.

Wapo watakaouliza: kwani ni lazima mtu asome uzamili ndipo awe msanii? Si lazima. Cyrus Kabiru alijifunza mwenyewe, na miwani yake ya vyuma chakavu imezunguka dunia. Lakini hatuwezi kujifanya kwamba shule hizi hazina maana. Sam Ntiro alitoka Kilimanjaro, akapitia Makerere, na miaka ya 1950 akasoma Slade, London. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alihitimu Royal College of Art mwaka 1982, na leo vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa duniani. Wangechi Mutu alihitimu uzamili Yale mwaka 2000, na mwaka 2019 sanamu zake zikawekwa mbele ya Metropolitan Museum mjini New York. Michael Armitage alisoma Slade na Royal Academy Schools, kisha akarudi kuanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, ambako wasanii wa kwetu wanaonyeshwa na historia yao inahifadhiwa. Mlango mmoja uliofunguliwa kwa wakati unaweza kuzaa taasisi nzima nyumbani.

Mfano ninaoufikiria zaidi ni wa Rosemary Karuga. Alisoma Makerere kati ya 1950 na 1952, mwanamke wa kwanza katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Baada ya hapo alifundisha shuleni miaka mingi. Ilikuwa miaka ya 1980, baada ya kustaafu, alipoanza kujulikana kwa picha alizobandika kwa vipande vya karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, kwa sababu vifaa vya sanaa vilikuwa ghali. Mwaka 1990 kazi hizo zilionyeshwa katika Studio Museum in Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021. Watu humtaja kama mfano wa subira, wakatuambia sisi vijana tumwige. Nami nikimtazama naona hasara tuliyoipata kama nchi: miongo mitatu ya mikono ile, ambayo hatukuipa nafasi. Muda wa msanii ukipotea, kazi ambazo angezifanya katika muda huo hazirudi.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, kila chuo kitangaze siku ya jibu pale pale kinapotangaza ada. Pili, kila mwombaji ajibiwe, na aliyekataliwa apewe sababu, hata kwa sentensi moja: kazi hazijakomaa, insha haikueleweka, au nafasi zilijaa. Tatu, siku ikipita bila jibu, ada irudishwe. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iyasimamie haya kwa vyuo vya humu nchini. Navyo vyuo vya ng'ambo vinavyofanya maonyesho Nairobi kutafuta wanafunzi, viulizwe maswali haya hadharani, kabla mzazi hajafungua mkoba.

Wenzangu mnaongoja, msiweke brashi chini. Kazi utakayoifanya wiki hii ni yako, chuo kikujibu kisikujibu. Wazazi na majirani, tupeni shamba, tupeni zamu, tuwekeni kwenye mipango ya nyumbani kama watu waliopo, kwa sababu tupo.

Na wakuu wa vyuo, Mgala muue na haki yake mpe. Kama hatujafikia kiwango, tuambieni, nasi tutarudi kujinoa. Maombi ya mwaka ujao yatafunguliwa muda si mrefu. Kabla hamjachukua ada ya mwombaji mwingine, mjibuni aliyelipa mwaka huu.