Mtoto wa Ayany na Jina la Yinuo



Mazungumzo ya posa tuliyowaahidi itabidi yangoje. Kuna mtoto wa kike wa miezi mitano kasoro wiki ambaye hana jina, na jambo lake lina haraka kuliko posa. Mbuzi wa akika alichinjwa siku ya saba, nywele zikanyolewa, wageni wakala wakashiba, lakini jina halikutangazwa. Kadi yake ya kliniki ingali imeandikwa "mtoto wa fulani", kwa jina la mama yake. Sheria ya Kenya inataka kila uzazi uandikishwe ndani ya miezi sita. Ukipita muda huo, huwa ni usajili wa kuchelewa, nao una karatasi nyingi na safari nyingi zaidi.

Nyumba yenyewe iko Ayany, mtaa ulio ndani ya Kibera jijini Nairobi. Mama wa mtoto ni binti yetu wa kisiwa cha Pate, aliyeolewa huko na kijana wa Kinubi. Bibi mzaa mama alipanda basi kutoka Lamu kuja kumtazama mwanawe katika siku zake arubaini, na arubaini zimepita hajarudi. Ametuambia waziwazi kwamba haondoki mpaka mjukuu wake apate jina.

Baba wa mtoto amechagua Yinuo. Alifanya kazi miaka mitatu katika ujenzi wa reli mpya, akajifunza Kichina cha kazini kwa kusikia, kisha akakisoma jioni kwa gharama yake mwenyewe. Nairobi si ajabu tena mtu kujifunza lugha hiyo. Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Mhandisi aliyekuwa juu yake alikuwa na binti mdogo nyumbani China aitwaye Yinuo, na kila siku ya mapumziko alikuwa akimwonyesha picha zake. Baba huyu akalipenda jina kabla hata hajaoa.

Alitufungulia simu akatuonyesha lilivyo kwa herufi za kwao: alama mbili tu. Ya kwanza ni mstari mmoja uliolala, maana yake "moja". Ya pili ni "ahadi". Nyuma yake kuna kisa cha Ji Bu, mtu wa zama za utawala wa Han, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ambaye watu wa wakati wake walisema kupata ahadi yake moja ni bora kuliko kupata dhahabu nyingi. Hadi leo Mchina akimsifu mtu mwaminifu, hulinganisha ahadi yake moja na dhahabu.

Majina ya wasichana wa huko hubadilika kwa vizazi, kama yetu. Kizazi cha mabibi wa sasa kina akina Xiuying wengi, jina lenye maana ya uzuri na ua. Baadaye likaenea Jing, yaani utulivu. Wizara ya Usalama wa Umma ya China imewahi kutoa taarifa za majina ya watoto, na katika ile ya mwaka 2020 Yinuo ndilo lililoongoza kwa wasichana waliozaliwa mwaka huo. Mwaka uliofuata lilipitwa na Ruoxi, na alama ya mwisho ya jina hilo ni maji ya bahari yanayojaa jioni. Bibi aliposikia hilo alicheka, akasema kama ni lazima liwe la Kichina, basi hilo la maji angalau angelielewa.

Msidhani kwamba bibi anawadharau Wachina. Kwao Pate, watu wa Siyu na Shanga wamesimulia tangu zamani habari za mabaharia wa China waliovunjikiwa na chombo wakaoa kisiwani. Mwaka 2005 binti mmoja wa Siyu alialikwa kwenda kusoma China kwa sababu ya masimulizi hayo. Tukaongezea sisi kwamba Zheng He, amiri wa majahazi yaliyofika pwani yetu miaka mia sita iliyopita, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan, baba yake akijulikana kwa lakabu ya Haji. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ma He. Zheng alipewa na mfalme baada ya vita.

Pingamizi la bibi ni jingine, nalo ndilo lililotukalisha mpaka alasiri. Mama mzazi wa kijana huyu alifariki mwaka juzi baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kabla hajafariki, mwanawe aliushika mkono wake akamwahidi kwamba binti wake wa kwanza ataitwa kwa jina lake. Bibi alikuwapo chumbani. Jina hilo hatuliandiki hapa, kwa kuheshimu ombi la familia. Inatosha kusema ni jina zuri ambalo wengi wenu mnalo nyumbani.

"Lakini Mama, Yinuo ndiyo hiyo ahadi yenyewe," kijana alimwambia mkwewe kwa adabu, macho chini. "Kila nikimwita nitaikumbuka."

"Mwanangu," bibi akajibu, "uliahidi jina. Hukuahidi neno ahadi."

Kijana alinyamaza, na sisi pia. Baadaye mkewe alitueleza jikoni, akikuna nazi, jambo ambalo mumewe hawezi kulisema mbele za watu: kwamba kila akijaribu kumwita mtoto kwa jina la marehemu, sauti humkatika. Hapo tukafahamu kwamba Yinuo lilikuwa pia pahali pa kujificha.

Wasomaji watatuuliza upande wa dini. Tujuavyo sisi, na kama walivyotufunza masheikh wetu, jina halilazimiki kuwa la Kiarabu; linalotakiwa ni maana njema isiyo na shirki wala matusi. Nani miongoni mwetu hana Mwanakombo, Bahati au Tatu katika ukoo? Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, lenye maana ya mwasi, akamwita Jamila. Angalieni hapo: Asiya huyo anaandikwa kwa herufi za Kiarabu tofauti na Asiya mke wa Firauni, ambaye tunawapa binti zetu jina lake. Kwa herufi zetu za Kilatini wote wawili ni Asiya, na tofauti yote imepotea.

Yinuo lina hatari hiyo hiyo. Kichina hutenganisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na silabi hiyo ya "yi", kwa kutegemea sauti na alama, huweza kuwa moja, nguo, tiba au kiti. Katika cheti cha Kenya hakutakuwa na alama wala sauti. Zitabaki herufi tano tu. Na watoto wa ploti wamekwisha kulitengeneza watakavyo. Siku ile tuliwasikia mlangoni wakiita, "Inua! Inua!" Baba uso ukamshuka. Yeye ni Mnubi, anajua kwamba hata mtaa wao ulikuwa Kibra, yaani msitu, kwa lugha ya wazee wake, hadi wengine walipoliandika na kulitamka Kibera.

Walipotuuliza rai yetu, tulisema bila kuzunguka. Yinuo ni jina jema, wala hatuoni la kulikataza. Lakini lilikuja baada ya ahadi, na marehemu hana wa kumdai isipokuwa sisi tulio hai. Liandikwe kwanza jina la marehemu, la pili liwe Yinuo, kisha la baba. Waislamu wengi wa China wenyewe huishi hivyo: msichana ana jina la Kichina la shule na ofisini, na nyumbani na msikitini ana jina la dini, Fatuma au Aisha, walilolitamka kwa ulimi wao. Wala hakuna anayeona kwamba jina moja linalifukuza lingine. Na kama baba hawezi kulitamka la kwanza kwa sasa, amwite Yinuo. Bibi na mama watalitamka lile mpaka masikio yake yalizoee.

Hakutujibu. Alimchukua mtoto kutoka mapajani mwa bibi, akatoka naye barazani, akakaa huko mpaka tulipoaga.

Jumatano mama wa mtoto alitupigia simu. Jumatatu wanakwenda kuandikisha, na fomu ameijaza mumewe mwenyewe usiku, majina matatu kwa mpangilio ule. Kuanzia siku hiyo kijana amekuwa akimfundisha mkwewe kutamka Yinuo sawasawa, na bibi amefika mahali pa "Inuo". Amekwisha kata tikiti ya basi la Alhamisi.