Fuateni Shuka, Mwacheni Mhudumu

Kuna kauli nimeisikia Paje, nimeisikia Nungwi, nimeisikia Diani ng'ambo ya mpaka, na kila mara anayeisema huisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja jambo lisilo na ubishi: watu wa pwani ni wavivu. Ndiyo maana vyumba havitengenezwi kwa wakati. Ndiyo maana bomba linavuja siku tatu, na mgeni aliyelipa dola zake anakaa kwenye benchi la mapokezi akilinda mabegi. Dawa nayo ni moja kila mahali: semina ya kastama kea ya siku mbili, tabasamu, salamu za Kiingereza. Isiposaidia, waletwe watu kutoka bara.

Siikubali kauli hiyo hata chembe. Inanichoma, ndiyo, lakini siikatai kwa sababu hiyo. Naikataa kwa sababu ni uongo, na uongo wake unapimika kwa saa ya mkononi.

Nilifanya kazi ya stoo misimu minne katika kijiji cha mapumziko mwambao wa mashariki wa Unguja. Zilikuwa nyumba 20 za makuti, kila moja peke yake, zimetawanyika baina ya minazi kutoka barabarani hadi ufukweni. Malazi ya namna hii si sawa na hoteli ya ghorofa. Kwenye ghorofa mhudumu anasukuma toroli kwenye korido iliyosakafiwa. Hapa anabeba ndoo, ufagio, mashuka na taulo, anatembea kwenye mchanga unaozama mguu. Mwendo huo ni sehemu ya kazi yake, na haujaandikwa popote.

Wageni walitakiwa watoke saa 4 asubuhi, na wapya waingie saa 8 mchana. Wahudumu wa vyumba walikuwa watano. Siku ambayo wageni wote wanabadilika, kila mhudumu alikuwa na nyumba nne. Kufagia mchanga, kutandika vitanda, kuosha choo na bafu, kufunga chandarua vizuri: kwa anayeijua kazi, dakika 50. Zidisha mara nne, ni dakika 200. Kwa hesabu hiyo kazi inakwisha saa 7 na dakika 20, tena inabaki nafasi ya kunywa maji. Hii ndiyo hesabu aliyokuwa nayo meneja wetu kichwani. Basi saa 8 ilipofika na familia tano bado ziko benchini, hakuhitaji kuuliza. Wanazembea.

Msimu wa tatu alifukuzwa mhudumu mmoja, mama wa makamo kutoka kijiji cha jirani. Barua ilisema uzembe. Sare zilikuwa mali ya stoo, kwa hiyo mimi ndiye niliyempa fomu ya kuzirudisha, na sikusema neno. Naandika haya kwa sababu siku ile nilinyamaza.

Wiki iliyofuata nilifanya jambo ambalo lilipaswa kutangulia barua ile. Nilichukua daftari, nikaamua kulifuata shuka moja tangu linapoondolewa kitandani mpaka linapotandikwa tena. Sikumfuata mtu. Mtu akifuatwa na daftari huogopa, na akiogopa atakuonyesha kazi isiyo ile ya kila siku. Shuka haliogopi.

Shuka langu liliondolewa kitandani saa 4 na dakika 35. Mgeni alikuwa amerudisha ufunguo mapokezi tangu saa 4 kasorobo, lakini hapakuwa na mtu mwenye jukumu la kumwambia mhudumu, kwa hiyo mhudumu alikuwa anapita mlango baada ya mlango akipiga hodi, anakuta wengine bado wanakunja nguo, anaomba radhi, anakwenda mbele. Alipolipata shuka alilibeba mpaka kwa dobi, nyuma ya jiko, upande wa pili wa uwanja. Huko likalala sakafuni. Mashine zote mbili zilikuwa zinafua taulo za ufukweni, kwa amri ya ofisi kwamba taulo zitangulie. Lilipofuliwa likaanikwa kambani, kwa kuwa mashine ya kukaushia ilikuwa imezimwa kubana umeme, na masika yalikuwa hayajakwisha. Wakati huo wote mhudumu yuko kwenye nyumba iliyokwisha kusafishwa, kitanda ki wazi mbele yake, anangoja shuka jingine ambalo nalo liko kambani.

Kila kitanda kilikuwa na seti mbili za mashuka. Wenye kazi hii wanajua kwamba zinatakiwa zisipungue tatu: moja kitandani, moja kwa dobi, moja rafuni. Rafu yenyewe ilikuwa ndani ya stoo yangu. Niliiona tupu kila siku kwa misimu mitatu, nikadhani ndivyo ilivyo.

Nilimuuliza dobi wetu, mzee tuliyemwita Ami, kwa nini hajawahi kuomba seti ya tatu.

"Niliomba mwaka wa kwanza," alinijibu. "Nikaambiwa mashuka hayatoshi kwa sababu tunayaiba. Sasa mwanangu, nani ataomba tena?"

Nilijumlisha. Kutembea na kungoja kulikula dakika 25 katika kila nyumba. Hamsini na 25 ni 75. Mara nne ni dakika 300, saa tano kamili. Anayeanza saa 4 asubuhi anamaliza saa 9 mchana, hata akifanya kazi bila kuinua kichwa. Saa 8 inapofika, kila mhudumu ana nyumba tatu zilizo tayari na moja ambayo bado. Wahudumu watano, nyumba tano, familia tano benchini. Zilikuwa tano wiki hii, zikawa tano wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Uvivu wa watu watano tofauti, wenye umri tofauti na matatizo tofauti nyumbani, hauwezi kuzaa hesabu iliyonyooka hivyo.

Marekani alikuwako mtakwimu mmoja, W. Edwards Deming. Mwaka 1950 Wajapani walimwalika awafundishe wahandisi na wakuu wa viwanda vyao, na tangu 1951 wanatoa tuzo yenye jina lake. Alikuwa na zoezi la shanga alilolirudia ukumbi baada ya ukumbi. Sanduku lina shanga 4,000, nyeupe 3,200 na nyekundu 800. Anawaita watu kutoka miongoni mwa wasikilizaji, anawafanya waajiriwa wake. Kila mmoja achovye sandukuni kibao chenye vishimo 50, akitoe kimejaa shanga nyeupe tupu, maana nyekundu ni bidhaa mbovu. Hakuna anayeweza, bila shaka. Kila kibao kinatoka na nyekundu zake, huyu saba, yule kumi na tatu. Deming, akijifanya msimamizi, anamsifu wa saba mbele ya wenzake na kumkaripia wa kumi na tatu. Raundi ya pili yule aliyesifiwa anatoa nyingi zaidi, naye anaambiwa sifa zimemlevya. Mwishowe wenye nyekundu nyingi wanafukuzwa kazi.

Ukumbi mzima unaona kwamba nyekundu zilitiwa sandukuni na mwenye sanduku. Sijui kwa nini jambo hilo lionekane wazi kwa shanga na lifichike kwa mashuka. Deming alikadiria, kwa uzoefu wake wa miaka mingi, kwamba kama asilimia 94 ya matatizo kazini hutokana na mfumo wenyewe, na mfumo ni dhamana ya uongozi. Tuseme alizidisha. Tuseme ni nusu tu. Nani katika hoteli zetu amewahi kupewa barua kwa ajili ya nusu hiyo?

Bomba nalo lina njia yake. Mhudumu analiona linavuja, anamwambia msimamizi wake. Msimamizi anaandika kwenye daftari. Daftari linakwenda mapokezi jioni, mapokezi wanalipeleka kwa meneja asubuhi, meneja anasaini, karatasi inakuja stoo, stoo inatoa mpira wa bomba, fundi anaitwa. Kazi ya fundi ni dakika kumi. Siku mbili zimekwisha, na mgeni ameshapanda ndege, ameandika kwenye intaneti kwamba wafanyakazi hawajali. Aliyeliona bomba siku ya kwanza alijali. Mkononi hakuwa na kitu isipokuwa mdomo, na ule mdomo ulikuwa wa kwanza katika msururu.

Nitaambiwa wavivu wapo. Wapo. Nimefanya kazi na mmoja aliyekuwa akilala ndani ya mashua iliyovutwa pwani, na kufukuzwa kwake sikukulilia. Lakini alipoondoka familia benchini hazikupungua. Akaletwa kijana kutoka bara, mwepesi, mchangamfu, na wiki ya kwanza ofisi nzima ilimtolea mfano. Wiki ya tatu alikuwa anatembea mchanga uleule, anangoja shuka lilelile. Wakasema huyu naye ameshakuwa mpwani. Kauli inayoshinda hata inapokanushwa na ushahidi wake yenyewe haistahili kuitwa maoni ya kitaalamu. Ni dharau, na dharau hii inawanyima watu mkate katika vijiji vyao wenyewe, kwenye ardhi iliyokuwa ya babu zao.

Wenye hoteli husafiri kila mwaka kwenda maonyesho ya utalii ya Berlin, na hurudi na picha za mabwawa ya kuogelea. Laiti wangerudi na kalenda. Vijiji vya nyumba ndogo ndogo vya Center Parcs vilianza Uholanzi mwaka 1968, huko Reuver, vikianzishwa na Piet Derksen, aliyekuwa na maduka ya vifaa vya michezo Rotterdam. Wageni wao huingia na kutoka hasa Jumatatu na Ijumaa. Kwa uamuzi huo mmoja, kila dobi na kila mfagiaji anajua siku yake nzito ni ipi, na wenye mamlaka wanajua ni siku gani waongeze mikono. Sisemi tuige. Wageni wetu wanashuka kwenye boti ya Dar es Salaam na kwenye ndege siku yoyote ya wiki. Nasema kwamba lini watu waingie ni jambo linaloamuliwa, tena linaamuliwa ofisini, na mhudumu hubeba matokeo yake kichwani pamoja na ndoo.

Kinachotakiwa ni karatasi za manila na kalamu nene. Bandikeni ukutani, mchore kazi inavyopita kutoka mkono hadi mkono, kila anapongojewa mtu au kitu pawekwe alama, na dakika zake ziandikwe. Wako wataalamu wanaochora michoro hii kwa programu za kompyuta, kwa alama nyingi na kwa bei kubwa. Sina ugomvi nao, alimradi dobi awemo chumbani na kalamu imfikie. Mchoro uliochorwa bila yeye unaonyesha kazi ambayo haifanywi na mtu yeyote. Na kabla ya kukaa, mwenye cheo aseme mbele ya wote kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa atakachokisema. Bila hilo mtachora uongo ulionyooka.

Sisi tulichora, baada ya mimi kumwonyesha meneja daftari langu. Alikubali mambo mawili. Askari wa getini, kila gari la mgeni linapotoka, awataarifu wahudumu kwa redio ya upepo. Na kabati la mashuka na sabuni liwekwe katikati ya nyumba, chini ya minazi, ili watu wasiende stoo kila mara. Seti ya tatu ya mashuka ilikataliwa, bajeti haikuwa na nafasi, ingawa mwezi uleule ilipatikana nafasi ya semina. Hata hivyo dakika 25 zikashuka hadi 15. Nyumba ya mwisho ikawa tayari saa 8 na dakika 20 badala ya saa 9. Watu walikuwa walewale, wa pwani ileile.

Yule mama hakurudishwa kazini. Mwezi uliopita nilialikwa harusi kijijini kwao, nikamkuta uani ndiye msimamizi wa mapishi. Walitarajiwa watu mia tatu. Wanawake wa kumenya vitunguu walikaa karibu na masufuria, wachambuaji mchele walikaa kivulini walikoanzia tangu alfajiri, na sufuria ya pili iliinjikwa kabla ya kwanza kupaliwa makaa. Chumvi ilipopungua mtoto alitumwa dukani, hapakuwa na wa kusaini. Pilau lilitoka baada ya sala ya adhuhuri, na kabla ya adhana ya alasiri kila aliyealikwa alikuwa ameshanawa mikono. Nilitazama masinia, nikaona amekusanya mafungu matatu kutoka nyumba za majirani: moja liko mbele ya wageni, moja linapakuliwa, moja linaoshwa. Nikamuuliza kwa nini matatu.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba. "Sasa la pili likiwa majini," akasema, "wageni wale kwenye nini?"