Seremala wa Makasia

Asimamaye penye maporomoko ya Wagenya, hapa Kisangani, huwaona wavuvi wakiuvusha mtumbwi wao mrefu katika maji makali. Husimama wima, uso mbele, kila mmoja na kafi lake, na mwamba huuona kabla haujawadhuru. Bobby Pearce wa Australia hakuwa na bahati hiyo. Mashua ya mbio huvutwa kwa kukaa, mgongo ukielekea mbele. Avutaye makasia haoni aendako mpaka ageuze shingo.

Ndivyo ilivyokuwa katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1928, mjini Amsterdam. Pearce alikuwa akishindana na Saurin, Mfaransa, mwendo wa mita 2,000. Mara akasikia watu wa ukingoni wakipiga kelele na kuonyesha vidole nyuma yake. Akageuka, akaona bata na vifaranga wakivuka polepole mbele ya mashua, mmoja nyuma ya mwenzake. Akayazuia makasia. Mfaransa akapita, wala hatumlaumu, maana njia yake ilikuwa nyeupe. Bata walipokwisha kuvuka, Pearce akavuta tena, akamfikia mwenzake, akamwacha mbali. Siku ya mwisho akatwaa dhahabu.

Hadithi hiyo hupendwa na wengi, nasi twaipenda. Lakini, wasomaji wapenzi, iko nyingine isiyosimuliwa sana. Mwaka uo huo mashindano makubwa ya Henley, Uingereza, yalimkataa. Kosa lake? Alikuwa seremala. Sheria yao iliwazuia watu wa kazi za mikono wasihesabiwe kuwa wanamichezo wa ridhaa. Kwa sheria hiyo Mgenya yeyote angerudishwa mlangoni, maana hupiga kafi ili watoto wapate samaki!

Mwaka 1930 Pearce alishinda katika michezo ya Dola ya Kiingereza huko Hamilton, Kanada, kisha akahamia nchi hiyo. Lord Dewar, tajiri wa wiski, akampa kazi ya kuuza. Basi mwaka 1931 seremala yule yule, kwa mikono ile ile, akakubaliwa Henley, akashinda. Mwaka 1932 akatwaa dhahabu ya pili huko Los Angeles, na mwaka 1933 ubingwa wa dunia wa wavutaji wa kulipwa.

Mwaka 1936 Henley ilikataa tena Waaustralia, safari hii kundi la polisi wanane. Mwaka uliofuata sheria ile ikafutwa.