Gari Kuukuu: Tulitupe au Tulitengeneze?

Liko swali moja linalozungumzwa sana katika ofisi za Posta, katika maduka ya vipuri ya Gerezani na Kariakoo, na hata ndani ya boti zinazovuka baina ya Unguja na Dar es Salaam. Mwananchi mwenye motokaa ndogo ya petroli, iliyokwisha kumtumikia miaka kumi au kumi na mitano, je, aendelee kuitengeneza, au aiuze kwa bei ya kutupa na kununua nyingine? Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la mtu na mfuko wake, wala halistahili kujadiliwa katika safu hii. Sisi hatukubaliani nao. Motokaa hununuliwa kwa fedha za kigeni, petroli hutoka ng'ambo, na breki mbovu haimdhuru mwenye gari peke yake.

Kwanza tuseme kweli kuhusu jambo ambalo wengi hawapendi kulitamka. Wenye magari wengi hawayaachi kwa sababu yamechoka, bali kwa sababu wao wenyewe wamechoka kuchekwa. Huku Bara, herufi ya kwanza inayofuata tarakimu katika kibao cha namba imekuwa kipimo cha utu. Mwenye namba A hudhaniwa kuwa maisha yamemshinda. Mwenye namba E huhesabiwa kuwa amefika. Hivyo mtumishi wa kawaida hukimbilia mkopo wa mshahara ili abadili herufi, na gari alilolikimbia huendelea kutembea vizuri mikononi mwa mtu mwingine. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda.

Yafaa basi tuiache aibu na tushike kalamu. Tumchukue mtumishi anayeendesha kilometa 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani kilometa 500. Tuseme gari lake la zamani linakwenda kilometa 12 kwa lita moja, na lile analolitamani linakwenda kilometa 18. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ambayo tunaitumia kwa mfano tu, gari la zamani litakula shilingi 125,000 kwa mwezi, na jipya kiasi cha shilingi 83,300. Tofauti ni shilingi 41,700 kwa mwezi, au shilingi 500,000 kwa mwaka. Ikiwa itambidi aongeze shilingi milioni 10 juu ya bei ya gari lake kuukuu, atahitaji miaka 20 kuirudisha fedha hiyo kwa petroli atakayookoa, na hapo hatujataja riba. Kwa hiyo anayesema ananunua gari jipya ili abane matumizi ya mafuta, mara nyingi anajidanganya.

Hapana shaka petroli si gharama pekee. Iko gereji. Mwenye gari na aandike katika daftari kila shilingi aliyoitoa kwa miezi 12: klachi, betri, rejeta, matairi na ujira wa fundi. Jumla hiyo ikiwa ndogo kuliko marejesho ya mkopo ya mwaka mmoja, basi usiache mbachao kwa msala upitao. Hata injini ikihitaji kushushwa na kufungwa ringi mpya, gharama hiyo yaweza kuwa nafuu kuliko kununua gari lingine lililotumika, ambalo historia yake anaijua aliyeliuza tu.

Lakini tusieleweke vibaya. Hatusemi kila mkweche ulindwe kama urithi. Uko mpaka, nao ni usalama. Injini iliyochoka humchelewesha mtu. Usukani uliolegea, breki zisizoshika na chesisi iliyoliwa na kutu huua. Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wanalijua jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa upepo wa chumvi huanza kazi yake chini ya gari, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Gari laweza kung'aa juu huku sakafu yake ikitoboka kwa bisibisi. Gari la namna hiyo lisiuzwe kwa jirani kwa bei ya huruma. Livunjwe, vipuri vyake vizima vitumike, na mabaki yapelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Ipo pia njia ya tatu. Gesi asilia ya Kisiwa cha Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na magari madogo mengi ya petroli sasa yamefungwa mitungi ya gesi. Kwa anayetembea sana mjini, njia hii yafaa kufikiriwa kabla ya kununua gari lingine. Lakini mtungi wa gesi usifungwe katika bodi iliyooza, wala kazi hiyo asipewe fundi wa gereji bubu. Na mkaazi wa kisiwa kisicho na kituo cha kujazia gesi asishawishike kwa sababu tu mwenzake wa Posta amefanya hivyo.

Sasa tuwageukie wenye dhamana ya kutunga sheria. Wazee wetu wanakumbuka miaka ambayo Serikali ndiyo iliyowaamulia. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na tena mwaka 1979, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Vipuri vilikuwa adimu, na gari lilitengenezwa kwa sababu lingine halikupatikana. Mwaka 1984 watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mlango ulianza kufunguka, na baadaye magari yaliyotumika Japani yakaja kwa wingi.

Huko Japani, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2. Ukaguzi huo ni mkali na una gharama, na ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wenyewe waachane na magari ambayo bado yana nguvu. Sisi tumelipokea gari, lakini hatukuipokea ile desturi ya kulikagua. Linapoingia hupimwa na hutozwa ushuru, na likiwa limezidi miaka 8 tangu litengenezwe hutozwa ushuru wa ziada. Likishapata kibao cha namba, hakuna anayeuliza tena umri wake. Matokeo yake ni kwamba mwenye gari la miaka 20 analiogopa gari la miaka 9 kwa sababu ya ushuru, naye huendelea na lile baya zaidi. Sheria iliyokusudiwa kuzuia uchakavu usiingie mlangoni imeusaidia kukaa ndani ya nyumba.

Kwa maoni yetu, dawa si kupandisha ushuru wa umri mwaka hadi mwaka. Dawa ni ukaguzi wa kweli wa kila gari, lenye namba A na lenye namba E, la raia na la Serikali, Bara na Visiwani, kwa ada ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Ufanyike kwenye vituo vyenye vyombo vya kupimia breki, usukani, chesisi na moshi, si kando ya barabara kwa kutazama taa na kubandika stika. Anayeshindwa apewe muda wa kutengeneza kabla gari lake halijazuiwa. Hapo mwenye gari kuukuu lakini zima ataendesha bila wasiwasi, na mwenye jeneza la magurudumu manne ataacha kwa amri ya vipimo, si kwa kejeli za majirani.

Pili, tusisahau kwamba kwa wengi wanaofanya kazi Posta, jibu lililo bora ni kutoendesha kabisa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na tawi lake hadi Gerezani, wako waliotaka kuliacha gari nyumbani. Aliyejaribu akasimama kituoni kwa saa nzima, akarudi kwenye mkweche wake, na hatumlaumu. Basi linalofika kwa wakati wake litaondoa magari machakavu mengi barabarani kuliko kanuni yoyote ya ushuru.

Mwisho, mfano uanzie juu. Mtumishi hawezi kuambiwa aridhike na gari dogo iwapo analiona shangingi la ofisi limeegeshwa nje ya jengo, injini ikiunguruma ili ubaridi usipotee mpaka mkubwa atakapotoka mkutanoni. Petroli na dizeli zilipopanda baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, Serikali ilitenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni mwaka huo ili kuwapunguzia wananchi makali. Fedha hiyo ilikuwa ya wananchi wenyewe. Kila lita inayochomwa bure hulipwa nao.

Ni matumaini yetu kwamba wahusika wataujadili ushauri huu kabla ya bajeti nyingine kusomwa. Na kwa msomaji anayejiuliza leo kama aliuze gari lake, tunamshauri alipeleke kwanza kwa fundi anayemwamini, alale chini ya gari pamoja naye, na aangalie kwa macho yake. Chesisi ikiwa nzima na breki zikishika, na aendelee nalo bila kuona haya.